Utabiri wa Vimbunga na Wajibu wa Aonywaye

Kila mwaka, mwezi wa Juni ukaribiapo, wataalamu wa hali ya hewa nchini Marekani hutangaza idadi ya tufani wanazozitazamia katika Bahari ya Atlantiki mpaka mwisho wa Novemba. Na kila mwaka, Desemba ifikapo, watu hukaa wakahesabu. Ikiwa tufani zilikuwa chache kuliko zilivyotangazwa, husikika kicheko. Husemwa: "Watu hawa wameshindwa kutuambia yatakayotokea katika miezi sita, basi wana haki gani ya kutuambia dunia itakavyokuwa baada ya miaka hamsini?"

Swali hili si la kipuuzi, wala halistahili kujibiwa kwa dharau. Huulizwa na watu wenye akili zao, na atakayelitafakari kwa uaminifu ataona kwamba ndani yake mna maswali matatu yaliyosokotwa pamoja. Kwanza, je, mwanadamu aweza kusema lolote juu ya mambo ya mbele pasipo kudai elimu ya ghaibu? Pili, je, mwenye kuonya akikosea, onyo lake litupwe? Tatu, je, aliyeonywa ana wajibu gani wakati ambapo hakuna yakini? Ndugu msomaji, hebu tuyatazame maswali haya moja baada ya jingine.

Maana ya utabiri

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza darasani kama yafaa kwa Mwislamu kusikiliza utabiri wa hali ya hewa, hali tunaamini kwamba ajuaye ya ghaibu ni Mwenyezi Mungu peke yake. Shida yake ilitokana na lugha. Katika Kiswahili twatumia neno hilo moja kwa mambo matatu yasiyofanana: maneno ya mpiga ramli, bishara za manabii, na tangazo la idara ya hali ya hewa. Lakini asili ya neno hilo ni Kiarabu, na maana yake ni kufasiri, hasa kufasiri ndoto. Kila msomaji anakijua kisa cha Nabii Yusuf (a.s.) na ndoto ya mfalme wa Misri. Baada ya kufasiri, Nabii Yusuf hakuwaacha watu wakishangaa tu. Aliwaelekeza waweke akiba ya nafaka katika miaka ya neema ili wapate chakula katika miaka ya njaa. Hatusemi kwamba mpimaji wa hewa ni sawa na nabii. Elimu ya nabii yatoka kwa Mola wake, na elimu ya mpimaji yatoka katika vipimo, nayo yaweza kukosea. Tusemalo ni hili tu, kwamba kufasiri alama zilizo wazi mbele ya macho na kujiandaa kwa ajili yake si kudai ghaibu.

Na alama zenyewe ni zipi? Nyingi katika tufani kubwa za Atlantiki huanza kama misukosuko ya hewa itokayo Afrika Magharibi na kupita baharini karibu na visiwa vya Cape Verde. Ili msukosuko huo ukue na kuwa kimbunga, yahitajika maji ya bahari yenye joto la nyuzi 26 au 27 na zaidi, hewa yenye unyevu mwingi, na pepo za juu zisizotofautiana sana na pepo za chini. Pepo hizo zikitofautiana mno, huipasua tufani kabla haijakomaa. Katika miaka ya El Niño, ambapo maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta hupata joto kuliko kawaida, pepo za juu ya Atlantiki huwa kali, na vimbunga hupungua. Katika miaka ya La Niña, mambo hugeuka.

William Gray, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, aliuona uhusiano huo, na mwaka 1984 akaanza kutangaza makadirio ya msimu mzima. Idara ya serikali ya Marekani ishughulikayo na bahari na hewa ilianza kutoa makadirio yake mwaka 1998. Hapana ramli hapa. Ni kazi ile ile ya nahodha wa mwambao ajuaye miezi ya kaskazi na miezi ya kusi, akaipanga safari yake kwa kuzifuata, isipokuwa vipimo vimekuwa vingi zaidi.

Makosa yasifichwe

Ama kuhusu makosa, hayo yapo, na mtetezi wa elimu asiyakane. Mwezi wa Mei 2005 idara ile ya serikali ilitazamia tufani 12 hadi 15 zenye kustahili majina. Zikatokea 28, na 15 kati yake zikawa vimbunga kamili. Orodha ya majina iliisha, ikabidi zitumike herufi za Kigiriki. Ndio mwaka ambao kimbunga Katrina kiliuangamiza mji wa New Orleans, wakafa watu zaidi ya 1,300. Mwaka uliofuata wataalamu walitazamia tufani 13 hadi 16 na vimbunga 8 hadi 10. Zikaja tufani 10 na vimbunga 5 tu, kwa kuwa El Niño ilizuka bila kutazamiwa. Mwaka 2013 walisema vimbunga vitakuwa 7 hadi 11. Vikawa viwili, vyote viwili vidogo.

Yafaa hata hivyo tuwatendee haki. Tangazo lao huambatana na maneno ambayo magazeti mara nyingi huyaacha: kwamba idadi waliyoitaja ina uwezekano wa sehemu 70 kwa mia. Maana yake ni kwamba wao wenyewe wanatazamia kukosa mara tatu katika kila mara kumi. Mtu akikuahidi kwamba atapatia mara saba katika kumi, humwiti mwongo aikosapo mara ya nane. Utamwita mwongo ukihesabu kwa miaka mingi ukakuta hapati hata mara saba. Hukumu ya haki huhitaji hesabu ya miaka mingi, wala si ya mwaka mmoja uliochaguliwa kwa sababu unapendeza.

Tena kuna kosa la msikilizaji mwenyewe. Husikia idadi, akadhani ameambiwa juu ya hatari ya nyumba yake. Mwaka 1992 ulikuwa mtulivu katika Atlantiki, na tufani zilikuwa chache. Lakini mojawapo ilikuwa Andrew, iliyopiga kusini mwa Florida tarehe 24 Agosti ikiwa katika daraja la tano, ambalo ndilo la juu kabisa. Kwa mwenye nyumba iliyobomoka, utulivu wa msimu ulimfaa nini? Na mwaka ule wa 2013, watu wa Marekani walipokuwa wakiucheka utabiri uliokosea, ilikuwa mwezi wa Novemba huo huo ambapo kimbunga Haiyan kiliwaua watu zaidi ya 6,000 katika nchi ya Ufilipino. Yeye atazamaye dunia kupitia dirisha lake pekee huona kwamba hakuna kilichotokea.

Mwaka 2024 twapata funzo jingine. Ilitazamiwa kwamba tufani zingekuwa 17 hadi 25. Kuanzia nusu ya pili ya Agosti hadi mapema Septemba, wakati ambao ndio kilele cha msimu, bahari ilinyamaza. Watu wakaanza kusema kwamba wataalamu wameaibika tena. Kisha tarehe 26 Septemba kimbunga Helene kikaingia Florida, kikapanda mpaka milima ya North Carolina, mbali na bahari, na watu zaidi ya 200 wakafa katika majimbo kadhaa. Msimu ulipofungwa, tufani zilikuwa 18, ndani ya hesabu ile ile iliyochekwa.

Wimbi moja na kujaa kwa maji

Sasa tuje kwenye hoja yenyewe: kwamba asiyeweza miezi sita hawezi miaka hamsini. Hoja hii yaonekana nzito, lakini imejengwa juu ya dhana kwamba jambo la mbali siku zote ni gumu kulijua kuliko jambo la karibu. Dhana hiyo si ya kweli daima.

Mtu aliyesimama ufukoni akitazama wimbi moja hawezi kujua kama maji yanajaa au yanakupwa. Wimbi moja hufika mbali, la pili huishia karibu, la tatu huyapita yote mawili. Ukimwuliza mvuvi wimbi la saba litafika wapi, hatajua. Lakini mwulize kama baada ya saa tatu mwamba ule utakuwa umefunikwa, naye atakujibu pasipo kusita, kwa sababu kinachoendesha kujaa na kupwa kwa maji si kile kinachoendesha wimbi moja. Je, itakuwa haki kumwambia: "Umeshindwa kunieleza wimbi la saba, basi hujui lolote juu ya kujaa kwa maji"? Idadi ya vimbunga vya mwaka mmoja hutegemea mambo mengi yabadilikayo upesi. Joto la dunia nzima kwa miongo mingi hutegemea hesabu iliyo nyepesi zaidi: ni joto kiasi gani liingialo kutoka juani, na ni kiasi gani lirudilo angani.

Mpinzani mwangalifu atajibu: "Kujaa na kupwa tumekuona mara elfu. Kupanda kwa joto la dunia kwa sababu ya moshi wa viwanda hakuna aliyekuona kabla." Maneno haya ni ya haki. Kwa hiyo dawa yake si mfano mwingine, bali ni kuyafungua maandishi ya zamani na kutazama waliyoyasema watu kabla hayajatokea.

Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwamba hewa ukaa ikiongezeka angani, joto la dunia litapanda. Mwaka 1958 Charles Keeling alianza kuipima hewa hiyo juu ya mlima Mauna Loa katika visiwa vya Hawaii. Wakati ule ilikuwa kiasi cha sehemu 315 katika milioni, na leo imepita 420. Mwaka 1967 Syukuro Manabe na mwenzake Richard Wetherald walionyesha kwa hesabu kwamba hewa ukaa ikizidi, tabaka la chini la anga litapata joto, ilhali tabaka la juu litapoa. Alama hii ina maana kubwa, kwani kama jua lenyewe ndilo lingekuwa limezidi ukali, matabaka yote mawili yangepata joto. Vipimo vya miaka iliyofuata vilikuta hivyo hivyo: chini pamepata joto, juu pamepoa. Manabe alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, alipokuwa na miaka 90.

Mwaka 1990 jopo la wataalamu lililoundwa chini ya Umoja wa Mataifa lilisema kwamba joto litapanda kwa kiasi cha nyuzi 0.3 kila muongo, na kwamba yawezekana likawa 0.2 au hata 0.5. Limepanda kwa kiasi cha 0.2. Walikisia juu kidogo, lakini mwelekeo haukukosewa. Huo si uganga, wala si yakini ya wahyi. Ni kadirio la wanadamu lililojaribiwa na miaka, nalo likasimama.

Na juu ya vimbunga vyenyewe, je, walisema nini? Wengi hudhani walisema kwamba kila mwaka vitazidi kuwa vingi. Sivyo. Ripoti yao ya mwaka 2021 yasema kwamba idadi ya vimbunga vyote duniani yaweza kubaki ilivyo au hata kupungua, lakini sehemu ya vile vikali itaongezeka, mvua zake zitakuwa nzito zaidi, kwa kuwa hewa yenye joto hubeba maji mengi zaidi, na mafuriko ya pwani yatapanda juu zaidi kwa kuwa usawa wa bahari umepanda. Kwa hiyo mtu ahesabuye tufani za mwaka mmoja ili kuyakanusha mabadiliko ya tabianchi anajibu swali ambalo hakuulizwa.

Dhambi ya kuzidisha

Lakini haki ina pande mbili. Ikiwa msikilizaji ana wajibu, mwenye kuonya pia anao, na wa kwanza ni kutosema zaidi ya ajualo. Baada ya msimu wa 2005 walikuwako watu waliotangaza kwamba sasa kila mwaka utakuwa hivyo. Haikuwa. Kuanzia kimbunga Wilma cha Oktoba 2005 mpaka kimbunga Harvey cha Agosti 2017, karibu miaka 12, hakuna kimbunga cha daraja la tatu au zaidi kilichoipiga nchi kavu ya Marekani. Wapo waliosema kwamba barafu ya bahari ya Aktiki ingetoweka yote wakati wa kiangazi kabla ya mwaka 2016. Ingali ipo, ijapokuwa imepungua sana. Na jopo lile lile la Umoja wa Mataifa, katika ripoti ya mwaka 2007, liliandika kwamba barafu ya milima ya Himalaya yaweza kuisha kufikia mwaka 2035, jambo ambalo halikuwa na msingi. Mwezi wa Januari 2010 jopo lilikiri kosa hilo hadharani.

Wenye kuzidisha hudhani wanaisaidia kweli. Hawaisaidii. Mtu aliyetishwa kwa jambo lisilotokea huifunga milango ya masikio yake, na atakapokuja mwenye kusema kweli atakuta imefungwa. Uongo usemwao kwa nia njema ungali uongo, na deni lake hulipwa na wengine.

Kinyume chake, tumtazame Gray na mwenzake Philip Klotzbach. Kwa miaka 20 walikuwa wakitoa makadirio ya idadi kila Desemba, nusu mwaka kabla ya msimu kuanza. Mwaka 2011 walitangaza kwamba wameyapima makadirio hayo ya Desemba, wakaona hayana faida, na kwa hiyo wanaacha kuyatoa. Ni wangapi katika sisi, walimu na wahubiri, tungethubutu kusema: "Jambo hili nililokufundisheni kwa miaka 20 halikuwa na nguvu, nami naliacha"? Tena Gray huyo huyo, mpaka alipofariki mwaka 2016, aliikataa rai ya wenzake kwamba binadamu ndiye chanzo kikubwa cha kupanda kwa joto la dunia. Ushahidi haukumuunga mkono. Hata hivyo, kukosea kwake katika jambo moja hakukuifuta elimu yake katika jambo jingine. Na anayetaka kumfuata kwa sababu tu ya jina lake akumbuke kwamba Gray mwenyewe alifundisha kupima.

Shaka mbili

Kuna shaka ya mtafutaji, na kuna shaka ya mkwepaji. Wote wawili husema, "Mimi sijaridhika," lakini njia zao ni mbali. Mtafutaji huuliza ili ajibiwe. Ukimletea ushahidi, huupima, na ukiwa na uzito, hubadilika. Mkwepaji huuliza ili asijibiwe. Ukimjibu hili, hurukia lile. Tena mtafutaji hulitilia shaka hata jambo limpendezalo, ilhali mkwepaji hulitilia shaka lile tu limgharimulo. Ndugu asomaye kurasa hizi akiwa bado anatafuta dini ya kweli aijua tofauti hii kuliko wengi, kwani ameiona nafsini mwake na kwa wale wanaombishia.

Wakati mwingine mkwepaji ni mtaalamu mwenyewe. Mwaka 1891 Isaac Cline, afisa wa hali ya hewa katika mji wa Galveston, Texas, aliandika gazetini kwamba ni upumbavu kudhani mji ule waweza kudhuriwa vibaya na kimbunga. Huko Havana, Kuba, walikuwapo wapimaji wa chuo cha Belén, ambako padri Benito Viñes alikuwa ametoa utabiri wa kimbunga tangu mwaka 1875. Maafisa wa Marekani waliwadharau wapimaji wale wa Kuba. Tarehe 8 Septemba 1900 bahari iliupanda mji wa Galveston, wakafa watu wasiopungua 6,000. Mke wa Cline alikuwa miongoni mwao.

Na wakati mwingine shaka huuzwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2023 uliyachambua maandishi ya wataalamu wa kampuni moja kubwa ya mafuta ya Marekani tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ulikuta kwamba wataalamu hao walikuwa wamekadiria kupanda kwa joto kwa usahihi mkubwa, ilhali kampuni yao kwa miaka mingi iliwaambia watu kwamba jambo lenyewe halijulikani. Mtu aliyeamini maneno hayo alidhani anatumia akili yake huru; kumbe alikuwa amevishwa shaka ya mwenye biashara.

Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tusijione tumeokoka na jambo hili. Wengi wetu tumezoea kusema kwamba vimbunga havifiki kwetu. Maneno hayo yana sehemu ya ukweli, kwa maana karibu na ikweta mzunguko wa dunia haulipi dhoruba msokoto wa kutosha. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuiangusha mikarafuu kwa wingi. Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Na Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika katika kisiwa cha Mafia. Zaidi kusini, Machi 2019, kimbunga Idai kiliuvunja mji wa Beira nchini Msumbiji, na zaidi ya watu 1,000 wakafa katika Msumbiji, Zimbabwe na Malawi. Neno "haijapata kutokea" mara nyingi maana yake ni "sikumbuki."

Onyo lenye sharti

Sasa twafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kiini cha yote. Yapo maonyo ambayo hutolewa ili yasitimie. Katika kisa cha Nabii Yunus (a.s.), watu wa mji waliambiwa kwamba adhabu yaja, wakatubu, na adhabu ikaondolewa. Je, onyo lile lilikuwa la uongo? Hasha. Lilikuwa na sharti ndani yake, nalo lilifanikiwa kwa kutotimia.

Utabiri wa tabianchi nao ni wa namna hiyo. Wataalamu hawasemi: "Joto litapanda kiasi hiki, mpende msipende." Husema: "Mkiendelea kuchoma makaa na mafuta kwa kadiri hii, itakuwa hivi, mkipunguza, itakuwa vile." Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionya kwamba kemikali za majokofu na makopo ya kupulizia zitaliharibu tabaka la ozoni. Mwaka 1985 tundu likaonekana juu ya Antaktika. Mwaka 1987 mataifa yakapatana huko Montreal kuzipunguza kemikali hizo, na sasa tabaka hilo linapona polepole. Leo wapo wasemao: "Mnakumbuka walivyotutisha juu ya ozoni? Mbona hakikutokea kitu?" Hakikutokea kwa sababu walisikilizwa.

Ndiyo maana mwenye kuonya hana malipo ya dunia. Asiposikilizwa, huja maafa. Akisikilizwa, huambiwa kwamba alitisha watu bure. Bangladesh ni ushahidi ulio wazi. Mwaka 1970 kimbunga kiliwaua watu wapatao 300,000 au zaidi katika nchi ile. Baadaye walijenga malindo ya ghorofa na kuwafundisha maelfu ya watu wa kujitolea, wapitao vijijini na vipaza sauti. Mwaka 2007, kimbunga kikali Sidr kilipokuja, walikufa watu kiasi cha 3,400. Ni msiba mkubwa. Lakini tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni watu waliosikia na kuondoka majumbani mwao, na wengi wao huenda walikuwa wamekwisha kuondoka siku nyingine ambapo kimbunga hakikuja.

Yatupasayo

Je, aliyeonywa pasipo yakini afanyeje? Atazame mambo mawili. Kwanza, apime hasara ya kila upande. Akijikinga na hatari isije, amepoteza siku ya kazi na gharama ya mbao za madirisha. Asipojikinga nayo ikaja, amepoteza asichoweza kukinunua tena. Sisemi kwamba kujikinga hakuna gharama. Mvuvi maskini aambiwapo asiende baharini, watoto wake hulala na njaa. Na nchi isiyo na umeme ikiambiwa isichome makaa, ina haki ya kuuliza ni nani aliyeyachoma mpaka sasa. Kwa hiyo uadilifu wadai kwamba waliochoma zaidi walipe zaidi. Lakini gharama ya kujikinga ni hoja ya kuigawanya kwa haki, si hoja ya kulikana onyo.

Pili, atazame ni nani atakayeumia iwapo shaka yake ni ya makosa. Mtu akiwa na shaka juu ya nafsi yake peke yake, ana uhuru mpana. Lakini yeye acheshaye watu mezani huko kwenye nchi ya utajiri hakai Beira, wala hakai katika kisiwa kidogo cha Karibi. Watakaolipa ni wengine, na wengi wao hawajazaliwa. Kuweka dau kwa mali ya mwenzako bila idhini yake ni dhuluma, hata kama wadhani utashinda.

Wapo pia wenye kusema: "Yote ni kudra ya Mwenyezi Mungu; ya nini kuhangaika?" Hawa wameigeuza imani kuwa mto wa kulalia. Mafundisho ya Mtume Mtukufu (s.a.w.) juu ya kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutegemea, ni mashuhuri mno hata sina haja ya kuyaeleza. Mwenyezi Mungu aliyeweka kanuni za pepo na bahari ndiye aliyempa mwanadamu akili ya kuzisoma. Kuzisoma na kisha kuzipuuza ni kuikataa neema, si kumtegemea Mwenye neema.

Basi, ndugu yangu, utakaposikia onyo, liulize: limejengwa juu ya nini? Msemaji amepata kupimwa, naye hukiri akosapo? Nikilidharau, nani ataumia? Ukijibu maswali haya kwa uaminifu, hutakuwa mwepesi wa kuamini kila atishaye, wala hutakuwa miongoni mwa wale wanaotaka kuyaona maji mlangoni kwanza ndipo wasadiki. Mwenyezi Mungu atujaalie masikio ya kusikia wakati kusikia kungali na manufaa. Amin.